Kudhibiti joto wakati wa kuchanganya mpira kwenye roli mbili

Mpira mwingi unaochanganywa katika karakana za Lubumbashi huenda migodini, ukavishwa ndani ya pampu, mabomba ya tope la madini na vinu vya kusagia mawe. Ukitoka kwenye kalibu ukiwa na mabonge au nyufa, mara nyingi kosa halikutendeka kwenye kalibu bali kwenye roli, yaani mitungi miwili ya chuma inayozunguka na kuukanda mpira, ambako mchanganyiko ulipata joto kupita kiasi na kuanza kuiva (kukazwa na salfa) kabla ya wakati wake.

Kazi huanzia ghalani. Mwezi wa Juni na Julai joto la usiku hapa kwetu hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na mpira asilia uliokaa majuma kadhaa katika baridi hiyo huwa mgumu kama ubao. Robota (bonge kubwa la mpira ghafi) la namna hiyo likiingizwa kwenye roli huitesa mota na pengine kuvunja meno ya gia. Kwa hiyo likatwe vipande, viwekwe katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi hadi kiini chake kilainike.

Roli zenyewe zipashwe hadi nyuzi 50 au 60, kisha maji ya kupoza yafunguliwe kidogo kidogo, kwa sababu baada ya hapo joto hutokana na msuguano wa mpira wenyewe. Mpira asilia hupenda kushika roli yenye joto zaidi, hivyo roli ya mbele iizidi ya nyuma kwa nyuzi chache. Mipira mingi ya viwandani, isiyotokana na utomvu wa mti, hufanya kinyume.

Oksidi ya zinki na asidi ya steari huingia mapema bila taabu. Masizi, yaani unga mweusi wa kaboni wa kuimarisha mpira, ndiyo yenye shida: kadiri yanavyoingia ndivyo mchanganyiko unavyokuwa mzito, na joto hupanda upesi. Hapo panua nafasi kati ya roli, punguza mzigo, ongeza maji. Hata ukifika nyuzi 100 hakuna hasara kubwa, maadamu salfa haijaingia.

Salfa na vichapuzi, yaani dawa zinazoharakisha kuiva, vingoje mwisho. Utoe mchanganyiko, uupoze, ikiwezekana ulale hadi kesho, ndipo uurudishe kwenye roli na kuvitia mpira ukiwa chini ya nyuzi 90. Kwa makadirio ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza kwa nusu muda uliobaki kabla ya mpira kuanza kuiva, na muda uliokwisha kutumika haurudi hata mpira ukipoa. Wanaotumia kichanganyio cha ndani, mashine inayochanganya mpira ndani ya chumba kilichofungwa, hufuata kanuni hiyohiyo: awamu ya kwanza inaweza kutoka kwenye nyuzi 150, lakini yenye salfa isizidi nyuzi 110.

Usipime roli ukadhani umepima mpira. Kipimajoto cha miale hudanganywa na chuma kinachong'aa; tumia chenye sindano. Simamisha mashine, kata utepe wa mpira kwa kisu, ukunje mara mbili, uchome sindano katikati ya mkunjo na usubiri namba itulie. Mkono usikaribie roli zinapozunguka, hata kwa haraka gani.

Umeme ukikatika, pampu ya maji nayo husimama. Niliwahi kuacha mzigo wenye salfa umejiviringisha kwenye roli nikitumaini umeme utarudi punde. Uliporudi, mpira ulitoka vipandevipande kama ugali uliokauka, nikautupa wote. Siku hizi roli zikisimama namna hiyo ninaukata mpira papo hapo na kuutandaza juu ya meza ya bati.

Bamba jembamba la mpira, la milimita 8 hivi, hupoa vizuri likizamishwa majini na kupakwa ulanga, unga unaozuia mpira kugandana. Usiyapange mabamba kabla hayajashuka chini ya nyuzi 40, kwani mpira haupitishi joto kwa urahisi, na katikati ya rundo huendelea kuwa moto kwa saa nyingi. Kabla ya kufunga ghala jioni, choma sindano katikati ya rundo. Ikisoma zaidi ya hapo, lipangue upya, hasa mwezi wa Oktoba.