Kubadilisha pampu ya kuzama kisimani: kazi ngumu iko kwenye kiungo cha waya

Simu huja hivi: "Fundi, pampu imeungua, njoo na nyingine." Anayepiga amefungua bomba la jikoni, amesikia kimya, na hukumu imekwisha kupita. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mmoja aliyekuwa tayari kununua pampu mpya, kumbe iliyokuwa chini ilikuwa nzima na kilichooza ni kiungo cha waya, pale waya za mota zinapoungwa na kebo inayopanda juu. Nazungumzia kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine, chenye kesingi (bomba linaloshikilia kuta zake), na pampu ya inchi 4 ya umeme wa fezi moja. Spana ya bomba na maltimita nachukulia unazijua. Kama umeme hujauzoea, sehemu hiyo mwachie fundi umeme.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni pampu

Anza juu, kwa sababu kuangalia juu ni kazi ya dakika chache na kuvuta pampu ni kazi ya siku. Pima kama umeme unafika kwenye kisanduku cha kuwashia, kisha zima swichi kuu. Fungua swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima pampu kwa msukumo wa maji, uzione ncha zake. Sisimizi hupenda kuingia humo, wanabanwa kati ya ncha, umeme haupiti, na nyumba nzima inakosa maji kwa ajili yao. Angalia kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi chaji kinachosaidia mota kuwaka: iliyovimba au inayovuja imekwisha. Ila kumbuka kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo iondoe chaji kwa kuipitisha kwenye balbu au rezista kabla hujaigusa.

Juu kukiwa hakuna kasoro, tenganisha waya zote zinazoshuka kisimani, kisha pima kila moja dhidi ya ardhi kwa mega ya volti 500, kipimo cha uzima wa insulesheni, yaani ganda linalozuia umeme usivuje. Maltimita haitoshi hapa. Inapima kwa volti chache mno, na insulesheni iliyooza huweza kuipita bila kugundulika. Mota mpya ambayo bado haijaungwa kebo isome megaomu 200 au zaidi. Mota mpya ikiwa kisimani na kebo yake, 2 au zaidi. Ya zamani iliyo kazini ikisoma kati ya 0.5 na 2, bado ni nzima. Chini ya 0.5, umeme unavuja mahali fulani.

Neno ni hilo "mahali fulani". Mega haikuambii kama ni mota, kebo au kiungo. Basi ukishaitoa pampu, kata kiungo cha zamani, zamisha mota peke yake ndani ya maji, ncha za waya zake zikiwa nje na kavu, upime tena. Ikisoma 10 au zaidi inafaa kurudishwa kazini, na pesa ya pampu mpya inabaki mfukoni.

Kama pampu inawaka lakini maji hayaji, pima ampea ulinganishe na zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Ampea chache sana ni dalili kwamba inazunguka bila maji au shafti imeachana na mota. Ampea nyingi, kuna kilichokwama, mara nyingi mchanga.

Hatua ya 2: Kuchagua mpya

Usinunue kwa nguvu za farasi, nunua kwa mita. Chukua kina cha maji wakati kisima kinavutwa (usichukue cha asubuhi kabla hakijaguswa), ongeza kimo cha tangi la juu, ongeza msuguano wa bomba. Maji yakishuka hadi mita 42, tangi likiwa mita 6 juu ya ardhi, na msuguano ukila mita 4, unatafuta pampu inayotoa maji unayoyahitaji kwa mita 52, na nambari hiyo iangukie katikati ya mchoro wa pampu, ule unaoonyesha inatoa maji kiasi gani kwa kila kimo. Pampu inayovuta kuliko kisima kinavyojaza ni hasara.

Mimi napendelea mota ya waya tatu yenye kisanduku juu, wala sibishani tena na mtu. Kapasita yake hubadilishwa ukiwa umesimama. Ya waya mbili ambayo vifaa vya kuwashia vimo ndani ya mota, kikiharibika chochote unavuta kila kitu.

Unene wa kebo usikadirie kwa macho. Mita 100 za shaba ya milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa omu 2.3 hivi. Kwa mota inayokula ampea 6 unapoteza volti 14, yaani zaidi ya asilimia 6 ya volti 230. Kwa 2.5 unapoteza volti 8 na kidogo, chini ya asilimia 4. Usivuke asilimia 5.

Hatua ya 3: Kutoa ya zamani

Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli. Vuta kwa bomba, kamba ikisaidia. Kebo usiivute hata kidogo. Bomba la plastiki nyeusi la milimita 40, urefu wa mita 60, likiwa bado limejaa maji, pamoja na pampu na kebo linakaribia kilo 100, kwa hiyo watu wawe wa kutosha na kibano kikae mdomoni mwa kisima muda wote. Mdomo uzibe kwa gunia kila unapopumzika: spana ikitumbukia, umepata kazi nyingine. Andika urefu wa bomba lililotoka, na kina cha maji yaliyotulia.

Hatua ya 4: Kuunga waya

Hapa ndipo saa zinapopotea. Kiungo kitakaa chini ya maji kwa miaka, na kila mita 10 za maji juu yake ni baa 1 ya msukumo. Kikiwa mita 40 chini ya uso wa maji, baa 4 zinatafuta ufa mwembamba kama unywele, usiku na mchana. Tepu nyeusi ya umeme haiwezi kazi hiyo, hata ukizungusha safu kumi. Nimekata viungo vya tepu vilivyokuwa vinene kama muhogo, ndani vimejaa maji.

Kwanza ijue kila waya. Rangi za kebo si lazima zifanane na rangi za mota. Kwenye mota ya waya tatu, pima omu kwa jozi zote tatu. Jozi yenye omu nyingi kuliko zote, ule waya uliobaki nje ya jozi hiyo ndio wa pamoja. Kutoka huo wa pamoja, wenye omu chache ni wa kazi na wenye omu nyingi ni wa kuwashia. Linganisha na kijitabu cha mota, kisha weka alama ncha zote mbili za kebo, ya juu na ya chini.

Kama kebo ni ya zamani, kata ncha yake hadi uone shaba inayong'aa. Shaba nyeusi au yenye kijani maana yake maji yamepanda katikati ya nyuzi, chini ya insulesheni, na yanaweza kupanda mbali. Ukifika mita kadhaa na bado ni nyeusi, achana nayo, nunua kebo mpya. Iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kukaa majini. Ya kuta za nyumba haifai.

Kata waya kwa urefu tofauti ili viungo vitatu vipishane, sentimita 5 hadi 8 kati ya kimoja na kingine. Vikikaa sambamba unapata bonge litakalokwaruzwa na kesingi, na kimoja kikivuja kinakiambukiza jirani yake.

Sasa vaa mirija ya kusinyaa kwa joto kwenye waya KABLA ya kubana. Kila fundi anacheka akiambiwa hivi, na kila fundi amewahi kukata kiungo kizuri kwa sababu mrija ulibaki mezani. Mirija iwe ile yenye gundi ndani. Isiyo na gundi ni ya kazi za nchi kavu.

Bana kishikizo cha shaba kwa koleo lake maalumu, kisha vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikiteleza, kata uanze upya. Kwaruza insulesheni kidogo kwa msasa pande zote mbili, futa kwa spiriti, subiri ikauke. Gundi haishiki kwenye mafuta ya vidole.

Joto toa kwa mashine ya hewa moto, ukianzia katikati kwenda pembeni ili hewa isinaswe ndani. Umefika unapoona gundi inatokeza ncha zote mbili. Kiberiti cha gesi huunguza upande mmoja na kuacha mwingine mbichi. Usipinde wala kusogeza hadi kipoe kabisa. Kila waya ufungwe peke yake kwanza. Mrija mkubwa wa kufunika zote tatu ni kinga ya mikwaruzo tu, kwa sababu gundi yake haijazi mifereji iliyo kati ya waya. Wapo wanaopenda viungo vya kumimina utomvu, na ni vizuri, ila lazima usubiri ugande, nami sijaona mwenye nyumba isiyo na maji aliye na subira hiyo.

Kabla ya kushusha, zamisha viungo kwenye ndoo ya maji kwa saa nzima, ncha za juu za kebo zikiwa kavu na zinaning'inia hewani. Waya mmoja wa mega tia majini, mwingine gusa kila ncha. Nambari ikiwa inashuka kadiri dakika zinavyopita, maji yanaingia. Kata.

Hatua ya 5: Kushusha

Mota za aina fulani hujazwa maji kabla ya kushushwa, soma kijitabu. Valvu ya kuzuia maji yasirudi iwe ndani ya pampu au karibu nayo juu yake. Funga kebo kwenye bomba kila mita 3, ukiacha ulegevu kidogo kati ya fundo na fundo, kwa kuwa bomba la plastiki hurefuka likijaa maji na kebo iliyokazwa ndiyo itakayobeba mzigo.

Pampu ikae mita kadhaa chini ya kina cha maji yanapovutwa, na mita 3 hadi 5 juu ya sakafu ya kisima. Mota hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, kwa hiyo ikikaa chini ya vichujio vya kesingi (sehemu zenye matundu ya kuingiza maji), au kwenye kisima kipana, ivalishe koti la bomba litakalolazimisha maji yapitie kwenye mota. Pima kwa mega tena ikishafika chini.

Hatua ya 6: Kuwasha na kutia dawa

Funga valvu ya juu ibaki wazi theluthi moja, washa, mwaga maji nje. Usizime yakiwa bado machafu: mchanga ulio kwenye bomba utarudi na kukaa ndani ya pampu. Yakisafika, fungua taratibu na upime ampea.

Kisha klorini. Kesingi ya milimita 150 hubeba lita 18 hivi kwa kila mita ya maji. Maji ya mita 30 ni lita 530, na kwa miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 40 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65. Koroga kwenye ndoo, mimina, zungusha maji yakirudi kisimani, fungua kila bomba la nyumba hadi unuse klorini, acha saa 12 hadi 24, kisha mwaga mbali na bustani hadi harufu iishe.

Matunzo

Kama una tangi la presha (lile lenye hewa na maji ndani), ndilo huua pampu kimyakimya. Hewa yake ikipungua, pampu inawaka na kuzima kila ukifungua bomba, na kuwaka ndiko kunakoichosha mota. Kila miezi michache zima umeme, mwaga maji ya tangi, pima hewa: iwe pungufu ya presha ya kuwakia kwa baa 0.15 hivi. Ongeza kwa pampu ya baiskeli, inatosha.

Weka pia kinga ya kukosa maji inayozima mota kisima kikishuka, kwa sababu beringi zake hulainishwa na maji hayohayo. Na ndani ya mlango wa kisanduku andika tarehe, ampea, megaomu na kina cha maji. Fundi atakayekuja baada yangu atahitaji nambari hizo kuliko maelezo yoyote ya mdomo.