Somo: Kutoa cheti na ufunguo kwenye .pfx kwa openssl ili nginx ikubali

Wakuu, hili naulizwa inboksi kila mara, naliweka hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Faili la .pfx (au .p12, ni kitu kilekile) limebeba cheti cha HTTPS cha saiti yako, ufunguo wa siri na vyeti vya kati (vile vinavyounganisha cheti chako na mamlaka inayoaminika). Nginx, ile programu ya seva inayotoa saiti, inataka PEM, yale maandishi yanayoanza na -----BEGIN.

1. Ufunguo:
`openssl pkcs12 -in seva.pfx -nocerts -noenc -out seva.key`
Toleo la 1.1.1 halijui -noenc, weka -nodes. Halafu `chmod 600 seva.key` hapohapo, maana sasa hauna nywila.

2. Cheti:
`openssl pkcs12 -in seva.pfx -clcerts -nokeys -out seva.crt`

3. Vyeti vya kati:
`openssl pkcs12 -in seva.pfx -cacerts -nokeys -out kati.crt`

4. Unganisha:
`cat seva.crt kati.crt > kamili.crt`

Hapa tulia. Cha seva lazima kiwe juu, ukigeuza nginx inashika kile cha kwanza, inakilinganisha na ufunguo wako, inagoma na "key values mismatch", na mtu anaenda kununua cheti kingine bure. Baya zaidi ni kusahau kati.crt, kwa sababu halionekani: kwenye laptop saiti inafunguka vizuri tu, brauza nyingi zinajitafutia cheti cha kati zenyewe, ila app ya Android na curl (ile amri ya kuvuta saiti kwenye terminal) zinakataa na lawama zinamwangukia mtu wa app asiye na kosa. USIPIME KWA BRAUZA. Ukishaweka kamili.crt na seva.key kwenye nginx na kufanya reload (isome mafaili upya), pima hivi:
`openssl s_client -connect saiti.yako:443 -servername saiti.yako </dev/null`
Unataka "Verify return code: 0". Ukiona 21, vyeti vya kati havijafika.

Mdau: Mkuu kwangu imegoma, msaada tafadhali

Imegoma wapi? Weka amri uliyoandika na kosa lililotoka.

Mdau: Nywila ni sahihi kabisa ila inaleta unsupported na RC2-40-CBC, kwa nini?

Swali zuri hili. OpenSSL 3, ya 2021, iliweka kando RC2, njia ya zamani ya kufunga data kwa siri, na pfx nyingi za zamani zimefungwa kwa hiyo RC2 ya biti 40. Ongeza `-legacy` kwenye amri zote tatu. Na kinyume chake kipo, pfx uliyoitengeneza kwa toleo la 3 ukiipeleka Windows Server 2016 inakwambia nywila si sahihi wakati ni sahihi, hapo itengeneze upya kwa `-export -legacy`.

Mdau: Seva.key yangu hii hapa chini, icheki kama iko sawa

Futa sasa hivi. Ufunguo ukishaonekana na watu haufai tena, tengeneza mpya, omba cheti upya, na cha zamani waambie waliokitoa wakibatilishe.

Mdau: Nyongeza, mimi nimeweka kwenye cron (ile inayoendesha amri kwa ratiba) `openssl x509 -in kamili.crt -noout -checkend 2592000`, ikibaki chini ya siku 30 napata meseji

Safi sana kiongozi. Ila hiyo inasoma faili, na faili linaweza kuwa jipya huku nginx bado inatoa la zamani kwa sababu hakuna aliyefanya reload. Chukua ile s_client ya juu, imwage kwenye `| openssl x509 -noout -enddate`, utaona tarehe wanayoiona wateja.