Mashine ya kufyonza vumbi: kuifungua, kuiosha na kuikausha katika unyevu wa pwani

Mashine ikianza kuvuta kinyonge au kunuka uvundo, wengi huhukumu mota. Mara nyingi mota ni nzima kabisa; kilichoziba ni njia ya upepo. Mashine hizi hazina nguvu nyingine ya kuzoa taka ila upepo unaoingia puani na kutokea nyuma, na upepo huo huo ndio unaoipoza mota njiani. Ukizibwa mahali pamoja tu, zulia halisafiki na mota inachemka.

Vumbi la bara hukung'utika. La hapa Mombasa lina chembe za chumvi, chumvi huvuta maji hewani, na vumbi hushikana likawa ukoko. Ndiyo maana kukung'uta kopo peke yake hakutoshi, na ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili ni kukausha.

Mashine inayoelezwa hapa ni ile ya kuburuta isiyo na mfuko, yenye kopo la plastiki. Yenye mfuko hufuata hatua zile zile, ila mfuko wa karatasi hauoshwi: ukijaa hutupwa.

Andaa bisibisi ya nyota, na nyingine ya ncha sita (T15 au T20, kwa sababu kampuni nyingi hutumia skrubu hizo), mkasi mdogo, brashi laini ya rangi ya inchi moja, mswaki mkuukuu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, spiriti, pamba, beseni, barakoa na mizani ya jikoni. Kuosha ni kazi ya saa moja. Kukausha ni siku nzima au zaidi, kwa hivyo usianze mkesha wa Idi ukitarajia kuitumia asubuhi.

Hatua ya 1: Stima
Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja na uache dakika 10, maana ndani mna kapasita ndogo inayoweza kubaki na chaji.

Hatua ya 2: Kopo
Limwage nje, ukiwa umeupa upepo mgongo. Koni ya wavu iliyo ndani isugue kwanza kwa brashi kavu. Ukiitia maji ikiwa na vumbi, tundu zake zitazibwa na tope. Kisha osha kopo kwa maji vuguvugu na matone mawili matatu ya sabuni. Maji ya moto hupinda plastiki, na kopo lililopinda halifungi sawasawa. Angalia na mpira wa ukingoni: ukiwa na mchanga, upepo huvuja hapo. Upanguse, usiupake mafuta.

Hatua ya 3: Vichujio
Hapa ndipo mashine nyingi zinapouawa, tena na watu wanaozipenda.

Kwa kawaida vipo viwili: cha sponji mbele ya mota, na cha karatasi iliyokunjwakunjwa mahali upepo unapotokea. Kabla ya kuosha sponji, kung'uta vumbi, kisha ipime kwenye mizani na uandike gramu zake. Iloweshe kwenye maji vuguvugu, ikamue kwa kuibana viganjani bila kuisokota, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Sabuni iwe kidogo sana, na isuuzwe yote, maana inayobaki hunasa vumbi jipya kama gundi.

Kausha kivulini mbele ya feni. Jua kali la mchana hufanya sponji iwe ngumu, na baadaye huvunjika vipande vinavyoingia kwenye mota. Wakati wa kaskazi saa 24 hutosha. Wakati wa masika mpe saa 48. Usidanganywe na mkono, kwani nje huwa kavu na moyo bado una maji. Rudisha sponji kwenye mizani: ikiwa bado nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kuoshwa, haijakauka. Ukiirudisha mbichi, mota itavuta unyevu, vumbi litageuka tope juu yake, na uvundo utaanza ndani ya siku chache.

Cha karatasi kisome kwanza. Kikiwa na maandishi au alama ya bomba la maji, huoshwa, kwa maji matupu. Kisipokuwa nayo, maji hukiharibu hata kama kikikauka kitaonekana kizima. Kichujio cha daraja la H13 hunasa angalau asilimia 99.95 ya chembe zile zinazopenya kwa wepesi zaidi, na kazi hiyo hufanywa na nyuzi nyembamba mno ambazo maji huzivuruga. Kigongegonge taratibu juu ya gazeti, upande mchafu ukitazama chini. Kikishakuwa cheusi mpaka ndani ya mikunjo, nunua kipya.

Hatua ya 4: Bomba
Tumbukiza sarafu ya shilingi 20 upande mmoja na uinue bomba. Isipotokea upande wa pili, limeziba. Sukuma kwa mpini wa ufagio wenye ncha butu. Waya wa chuma hutoboa, na tundu dogo hupunguza mvuto sana. Kutafuta tundu, ingia chumba chenye giza, tia tochi ya simu mdomoni mwa bomba, ulipinde polepole: mwanga utakuonyesha. Pachunguze zaidi kwenye kona ya mkono, maana mchanga wa pwani hupasugua kama msasa.

Hatua ya 5: Kichwa na brashi
Pindua kichwa, fungua skrubu au pini, toa brashi ya kuzunguka. Pitisha mkasi kwenye mfereji wake, ukate nywele na nyuzi kwa urefu badala ya kuvuta. Nyumba yenye zulia la makumbi mlangoni itatoa nyuzi ngumu zisizokatika upesi. Usisahau ncha mbili: nywele zikijisokota kwenye beringi, joto la msuguano huyeyusha plastiki. Mkanda uliolegea au kuchanika badilisha.

Hatua ya 6: Mwili na mota
Kama mashine bado iko kwenye dhamana, ishia hatua ya 5.

Piga picha kabla ya kila skrubu. Nyingine hufichwa chini ya magurudumu, chini ya kitufe au nyuma ya karatasi ya jina. Kifuniko kikikataa, usikilazimishe. Kuna skrubu hujaiona.

Ukoko ulio juu ya mota utoe kwa brashi kavu. Kwenye mota usitie maji, wala mafuta ya kupikia, wala mafuta ya dawa ya kulegeza kutu, kwani beringi zake zimefungwa na mafuta hayo huyeyusha grisi iliyomo. Kifuniko cha bati cha panga la upepo kimebanwa kiwandani. Ukikifungua kwa nguvu, panga hupoteza usawa na mota itatetemeka mpaka ife.

Kagua kaboni mbili zinazogusa mota pembeni, yaani vijiti vyeusi vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka. Zikibaki theluthi moja ya urefu wa mpya, badilisha zote mbili pamoja. Miguu ya waya yenye ukungu wa kijani ipanguse kwa pamba yenye spiriti na uiache ikauke kabisa: hiyo ni kazi ya chumvi. Kijumba cha kukunjia waya usikifungue. Ndani mna springi inayoweza kuchana mkono.

Hatua ya 7: Kufunga na kujaribu
Rudisha vifuniko vyote kabla ya plagi. Washa dakika moja bila bomba, usikilize. Kisha tia bomba na uzibe mdomo kwa kiganja sekunde mbili: kiganja kishikwe kwa nguvu. Kisiposhikwa, kuna mpira haukukaa.

Maswali ya wenzetu

*Assalam aleikum fundi. Nimeosha kila kitu na bado inanuka. Niko Likoni.*
Waaleikum salaam mamangu. Nusa sponji peke yake, kisha bomba peke yake. Ikiwa sponji ndiyo inayonuka hata ikiwa kavu, ukungu umeshaingia moyoni; nunua nyingine. Ikiwa ni bomba, suuza kwa maji yenye siki, kikombe kimoja kwa lita mbili, kisha litundike wima mpaka likauke. Na kopo usiliache na taka usiku kucha, hasa chembe za chakula.

*Naweza kufyonza jivu la chetezo lililomwagika zuliani?*
Dada, jivu la udi usilifyonze kabisa. Kaa dogo likiwa bado hai ndani yake huchochewa na upepo, na linaweza kuwasha mfuko au taka kavu. Hata likiwa baridi, ni laini mno, huziba kichujio mara moja. Lizoe kwa kadibodi, linalobaki lipanguse kwa kitambaa kibichi. Hina na saruji nazo usizifyonze, kwa ulaini huo huo.

*Nikiziba bomba sauti hupanda juu. Si mota inaelemewa?*
Kinyume chake, ndugu yangu. Bomba likizibwa, panga halina upepo wa kusukuma, mzigo hupungua na mota huzunguka kasi zaidi. Hatari ni joto, maana upepo wa kuipoza umekatika. Ukisikia sauti hiyo unaposafisha, zima utafute kilichoziba.

*Yangu hujizima baada ya dakika 10, baadaye hukubali tena.*
Ni swichi ya joto inayoilinda. Iache ipoe saa moja, ukague kichujio na bomba. Ikiendelea hata njia ikiwa safi, tazama kaboni. Usikubali fundi airuke swichi hiyo kwa waya. Mashine itawaka moto siku moja.

*Nikaipulize kwa upepo wa petroli stesheni?*
Bomba na kopo, sawa, ukishaachia upepo wa mwanzo pembeni kwanza. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikibanwa huacha maji ndani ya tangi, kwa hivyo utapuliza na matone. Mota usiipulize kwa upepo huo.

*Na mkeka wa miyaa?*
Zima brashi ya kuzunguka au tumia pua tupu. Brashi hunyanyua miyaa na kuichana ukingoni, na vipande vyake utavikuta kwenye beringi.