Kiwanja kimepitiwa na bomba la gesi? Fanya haya kabla ya kutoa arbuni

Kazi yangu ni kupima ardhi, na kila dalali anayeuza eneo lenye bomba ana wimbo mmoja: "Bomba liko chini, wewe unajenga juu." Usimwitikie. Mwenye bomba ana haki juu ya ukanda wa ardhi unaoitwa mkuza, na kwa kawaida haki hiyo haiishi ardhi inapouzwa, bali humfuata kila mnunuzi. Hati itasoma jina lako na kodi utalipa wewe, ila ndani ya mkuza utafanya yale tu mkataba unayoruhusu.

Hatua ya 1: Pata mkataba wa mkuza wenyewe

Fanya upekuzi kwa msajili wa ardhi. Ukiona mkuza umetajwa kwenye hati, usiishie hapo. Omba nakala ya makubaliano yaliyotiwa saini na mwenye ardhi wa wakati ule. Yasome mwenyewe, kisha mpe wakili.

Angalia upana kwanza. Mikuza mingi ya mabomba makubwa huwa kati ya mita 15 na 30. Halafu tafuta maneno "bomba moja au zaidi". Ukiyakuta, kampuni inaweza kurudi na bomba la pili bila kuhitaji idhini yako. Tazama pia kama wanaruhusiwa kukatiza sehemu nyingine ya kiwanja ili kuufikia mkuza, na kama wanaweza kujenga kituo cha vali juu ya ardhi.

Mbaya kuliko yote ni mkataba wa zamani usiotaja upana wala mahali, unaosema tu kwamba bomba litapita "katika ardhi hii". Hapo kiwanja kizima kimefungwa. Mimi nisingenunua mpaka kampuni isaini marekebisho yenye ramani na vipimo.

Hatua ya 2: Kampuni ije iweke alama

Vile vibao vya tahadhari vinakuambia bomba liko karibu. Havikuambii limelala wapi hasa, wala kina chake, na baina ya kibao na kibao bomba linaweza kupinda. Mwombe mwenye bomba alete fundi na kifaa cha kulitambua, nawe uwe na mpima wako siku hiyohiyo achukue vipimo. Usichimbe kujihakikishia. Bomba lililofukiwa karibu mita moja linaweza kuwa juu zaidi leo, kwa sababu ya mmomonyoko.

Hatua ya 3: Pima umbo la kinachobaki

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Mkuza wa mita 15 ukikikata katikati kwa upande wa mita 40, umekula mita za mraba 600. Unabaki na 1,400, na kwa hesabu hiyo unaona bado una nafasi. Lakini si kipande kimoja: ni viwili, kila kimoja kina kina cha mita 17.5. Toa umbali unaotakiwa kutoka mpakani na barabarani, uone kama nyumba inaenea. Mkuza ukipita mshazari, unabaki na pembetatu, na pembetatu haipendi nyumba.

Kuna mteja wangu ambaye nyumba yake ilienea vizuri kabisa. Kilichokosa mahali ni shimo la majitaka.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa maandishi

Orodhesha kila unachokusudia: uzio, njia ya gari, bwawa, kisima, miti. Majani na mazao mafupi kwa kawaida hayana shida. Jengo, miti yenye mizizi mirefu na kupunguza au kuongeza udongo hukataliwa. Lori zito likikatiza juu ya bomba huhitaji idhini. Jibu la simu si ruhusa.

Hatua ya 5: Nyumba ikae umbali gani?

Mpaka wa mkuza haukuwekwa ili kukukinga na mlipuko. Uliza kipenyo na shinikizo la juu linaloruhusiwa. Kwa kanuni inayotumika Marekani, bomba la inchi 24 lenye shinikizo la pauni 1,000 kwa inchi ya mraba lina eneo la athari, yaani ambamo mlipuko unaweza kudhuru, la takriban mita 160 kila upande. Ajali hizo ni nadra, lakini ukiwa na nafasi ya kusogeza nyumba, isogeze.

Hatua ya 6: Bei, benki, bima

Fidia ya mkuza aghalabu alishalipwa mwenye ardhi wa zamani. Wewe fidia yako ni punguzo la bei. Barua za benki na bima kwamba wanakikubali kiwanja zipatikane kabla ya arbuni.

Ukishanunua, piga picha namba ya dharura iliyo kwenye kibao. Gesi ya mabomba makubwa mara nyingi haijatiwa harufu, kwa hiyo usingoje pua. Ukisikia mvumo, ukaona majani yamekauka mahali pamoja au maji yakitoa mapovu, usiwashe chochote. Ondoka kwa miguu kuelekea upepo unakotoka, upige simu ukiwa mbali.