Kupokea pichi bendi ndani ya Pure Data, hatua kwa hatua (na maswali yenu)

Ukisikiliza orutu, ile fidla ya Waluo, kwa makini utaona noti zenyewe ni kama steji za matatu tu, safari yenyewe iko katikati, pale kidole kinateleza kwa ule uzi mmoja kutoka sauti hii hadi ile. Kibodi ya muziki, ile ya MIDI ya kuchomeka kwa kompyuta, haina hiyo barabara ya katikati. Unabonyeza unapata noti hii ama ile, basi. Kitu pekee inakupa ni ule wili wa upande wa kushoto, pichi bendi, wa kupandisha na kushusha noti ikiwa inalia, na ndio maana inaniuma nikiona mtu ametengeneza pachi (visanduku vilivyoungwa kwa waya kutoa sauti) poa kabisa halafu wili haufanyi kitu, ama unafanya lakini sauti inatoka nje ya tyuni. Leo tuifanye polepole mpaka ikubali.

Natumia Pure Data, programu ya kutengeneza sauti kwa kuunga visanduku, ile ya Miller Puckette, juu ni ya bure na inaenda vizuri hata kwa laptopu ya mtumba.

Kabla hujagusa chochote, ujue ni nini inaingia. Kila ukisogeza wili, kibodi inatuma baiti tatu. Ya kwanza inasema "hii ni bendi, na ni ya chaneli fulani", inakuwa kati ya 224 na 239. Hizo mbili zingine zinabeba namba moja iliyokatwa vipande viwili, kipande kidogo kinatangulia kikubwa kinafuata, na kila kimoja kinaanzia 0 kinaishia 127. Kuziunganisha unazidisha kile kikubwa na 128 unaongeza kile kidogo. Wili ukiwa umetulia katikati zinakuja 0 na 64, sasa 64 mara 128 ni 8192. Shika hiyo 8192, ndio sifuri yetu leo.

Hatua ya 1. Chomeka kibodi KABLA ya kufungua Pure Data, halafu ingia menyu ya Media, MIDI Settings, uchague kibodi yako upande wa kuingiza. Kama uko Windows na FL Studio ama programu ingine imeshikilia hiyo kibodi, ifunge kwanza, mara nyingi programu mbili hazigawani mlango mmoja.

Hatua ya 2. Kwa pachi mpya weka kisanduku, Ctrl na 1, uandike bendin 1, yaani kipokee bendi ya chaneli ya 1. Chini yake weka kisanduku cha namba, Ctrl na 3, uunge waya. Toka kwa hali ya kuhariri, Ctrl na E, usogeze wili. Chini kabisa upate 0, katikati 8192, juu kabisa 16383 ama karibu na hapo. Usiende mbele kama hii haijaonekana. Nilishawahi kukesha nikitafuta shida kwa hesabu na kumbe namba hazikuwa zinaingia tangu mwanzo.

Hatua ya 3, hesabu. Chini ya bendin unga visanduku vitatu vikifuatana: - 8192, halafu / 8192, halafu * 2. Cha kwanza kinafanya katikati iwe sifuri, cha pili kinaleta kitu cha kutoka -1 hadi karibu 1, cha tatu ndio kinasema hiyo moja ni nusu toni ngapi. Hiyo 2 haitoki kwa kibodi! Wili unatuma namba tu, haijui nusu toni ni mnyama gani, ni wewe unaamua. Vifaa vingi vinakuja na mbili juu mbili chini, kwa hivyo tuanzie hapo.

Na tafadhali usiongeze bendi kwa hezi (mitetemo kwa sekunde), hii naiona sana. A ya 440 ukiipandisha nusu toni mbili inafika 493.88, yaani umeongeza karibu hezi 54. A ya chini, ile ya 110, nusu toni mbili ni hezi kama 13 na nusu tu. Ukiongeza hezi 54 kwa zote, ya juu itakuwa sawa lakini besi itaruka mbali kabisa na wimbo. Ongeza nusu toni kwanza kwa namba ya noti, halafu mtof ibadilishe kuwa hezi, yenyewe inajua hiyo mambo.

Hatua ya 4, na hapa ndio wengi wanakwama. Weka notein 1, kisanduku cha kupokea noti, matundu yake mawili ya chini yaingie stripnote, ya kutupa ujumbe wa kuachilia noti, halafu tundu la kushoto la stripnote liingie kushoto kwa kisanduku cha + . Sasa bendi yako kutoka * 2 ukiipeleka moja kwa moja kulia kwa hiyo + , utabonyeza noti, utasogeza wili, na hutasikia kitu mpaka ubonyeze noti ingine. Hapo mtu anaanza kulaumu kibodi. Kibodi haina makosa, tundu la kulia linahifadhi tu, la kushoto ndilo linasukuma. Dawa ni kuweka t b f katikati. Bendi inaingia juu yake, mguu wa kulia, ule wa f, unaenda kulia kwa + , na mguu wa kushoto, ule wa b, unaenda kushoto kwa hiyo hiyo + . Kisanduku hiki huanza kutoa kulia kila wakati, kwa hivyo bendi mpya inahifadhiwa kwanza halafu + inapigwa teke ihesabu tena na noti ile ile ya mwisho. Sasa noti inateleza ikiwa bado inalia, na hiyo ndio maana ya bendi.

Hatua ya 5. Kutoka + shuka mtof, halafu pack f 15, halafu line~, halafu osc~ inayotoa sauti yenyewe, halafu *~ 0.1 ya kuipunguza, halafu matundu yote mawili ya dac~, inayopeleka kwa spika. Ctrl na / inawasha, Ctrl na nukta inazima. Ile 15 ni milisekunde, inalainisha ngazi kati ya namba moja na ingine. Sauti haitakata ukiachilia kidole juu stripnote imetupa ujumbe wa kuachilia, kwa leo sawa, tunataka kusikia mteremko tu. Bonyeza A ya 440, wili juu kabisa inafika B, chini kabisa inafika G. Linganisha na gita iliyo na tyuni.

Maswali yenu

Wa Umoja: Mwalimu, yangu juu inakwama 16256, haifiki 16383. Imeharibika?

Haijaharibika mkuu. Kibodi nyingi za bei nafuu zinatuma kile kipande kikubwa tu, kidogo kinabaki 0 siku zote, na 127 mara 128 ndio hiyo 16256. Inakupunguzia senti tatu hivi kule juu (nusu toni moja ni senti 100), ukicheza na mwenzako aliye kwa tyuni utaisikia. Baada ya - 8192 weka moses 0. Zinazotoka kulia zigawanye kwa 8064, za kushoto kwa 8192, zikutane tena kwa * 2.

Wa Kayole: Noti zinaingia fiti lakini bendin haionyeshi kitu.

Angalia chaneli. Andika bendin bila namba, tundu la kulia litakuonyesha bendi inakuja na chaneli gani. Ukiona 17 kwenda juu, kibodi yako imehesabiwa kama kifaa cha pili. Na kama bado kimya, weka midiin uone baiti zenyewe, usipoona 224 ama jirani yake basi wili hautumi.

Dada wa Kibera: Nataka kuteleza kama orutu, nusu toni mbili hazinitoshi.

Dada hapo umenigusa. Badilisha * 2 iwe * 5 ama * 7, sikiliza mwenyewe. Lakini kama kibodi yako ni kama ya huyu wa Umoja, una ngazi 63 pekee za kwenda juu. Kwa nusu toni mbili kila ngazi ni senti 3 na kitu, kwa 12 inakuwa karibu senti 19, na hiyo sikio linaishika. Ongeza ile 15 iwe 30 ama 40, itapunguza ngazi, ila wili utajibu ukichelewa kidogo. Mimi ningebaki 5. Na kama sauti inatoka kwa sinthi ya nje, huko ndiko upana unasetiwa, tuma kontrola 101 iwe 0, 100 iwe 0, halafu 6 iwe idadi ya nusu toni.

Wa Rongai: Nikiunga bendin kwa bendout sinthi inapanda juu kabisa na sijagusa wili.

Hiyo ni tabia ya Pure Data yenyewe. bendin inatoa 0 hadi 16383 lakini bendout inataka -8192 hadi 8191. Weka - 8192 katikati yao, imeisha.

Wa Umoja tena: Na kwa Max ni hivyo hivyo?

Karibu. Max ni programu ingine ya kuunga visanduku kama Pure Data. Huko bendin inakupa 0 hadi 127 na katikati ni 64, ukitaka namba nzima kuna xbendin. Ukibaki na bendin, hesabu inakuwa - 64 halafu / 64. na hakikisha umeandika 64. ikiwa na nukta mwishoni, bila hiyo nukta Max inakata desimali zote na wili utakuwa unaruka kama swichi.