Kadi za Wachezaji: Lini Inafaa Kulipia Kupimiwa Daraja

Vijana wengi wa Unguja na Pemba walioko Uingereza, Kanada na nchi za Skandinavia wameingia katika ukusanyaji wa kadi za wachezaji, yaani zile kadi ndogo zilizochapishwa picha za wachezaji, wengine kwa mapenzi ya mpira na wengine kwa matumaini ya biashara, na karibu kila mmoja wao hufika pahala akajiuliza kama aipeleke kadi yake kwenye kampuni ya kupima daraja. Swali hili lina uzito zaidi kwetu sisi, kwa sababu pesa inayotoka kwa ajili ya kadi ni ile ile inayosubiriwa Wete au Jang'ombe kwa ajili ya ada ya skuli na dawa za wazee. Rai yangu ni kwamba hesabu yote ifanywe kwa daraja la 9, la pili kutoka juu baada ya 10, na kadi isiyoweza kuihimili hesabu hiyo ibaki nyumbani isipokuwa mwenyewe ameikagua na ana sababu nzito ya kutarajia 10.

Kampuni inayojulikana zaidi ni PSA ya Marekani, iliyoanza mwaka 1991, na nyengine ni Beckett, SGC na CGC. Uingereza nako ipo Ace Grading. Kazi yao ni kuthibitisha kwamba kadi ni ya asili, kuipa daraja kuanzia 1 mpaka 10, na kuifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba ya cheti. Wanaangalia mambo manne: picha kukaa katikati, pembe, kingo na uso wa kadi. Daraja hutolewa na macho ya binadamu, na macho hukosea. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zama za kale, ikapewa 8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa mwenye kampuni ya minada, alikiri mahakamani kwamba aliwahi kuzikata kingo za kadi hiyo, na kadi iliyokatwa haistahili kupewa daraja.

Tuje kwenye hesabu, kwa mfano wa kubuni. Tuseme unayo kadi ambayo bila kupimwa huuzwa pauni 40, ikiwa na daraja la 9 huuzwa 60, na ikiwa na 10 huuzwa 120. Ada ya kupima na sehemu yako ya posta na bima ni pauni 32, na soko la mtandaoni linakata asilimia 12 ya kila mauzo. Ukiiuza ilivyo, unabakiwa na pauni 35.20. Ukiipima ikapata 9, unabakiwa na 20.80 tu, yaani umelipa ili upoteze pauni 14.40, ingawa bei ya kuuzia imepanda. Ikipata 10, unabakiwa na 73.60, faida ya pauni 38.40 juu ya kuiuza ilivyo. Sasa peleka kadi nne za aina hiyo: moja ikirudi na 10 na tatu zikirudi na 9, umepoteza karibu pauni 5 kwa jumla, na bado hatujaihesabu hata moja iliyoangukia 8. Wengi huiona ile 120 pekee. Bei ziangaliwe kwenye mauzo yaliyokwisha kufanyika, kwani bei anayoitaka muuzaji si bei aliyolipa mnunuzi.

Kadi mpya zina tatizo lake. Kampuni hutangaza idadi ya kadi za kila aina zilizopata kila daraja, na kadi nyingi za miaka hii hutoka kiwandani zikiwa safi, kwa hivyo 10 zinaweza kuwa maelfu na thamani ya kila moja ikashuka. Angalia idadi hiyo kabla ya kulipa.

Halafu ikague kadi mwenyewe, bila haraka na bila mapenzi. Osha mikono uikaushe, kaa chini ya taa moja yenye mwanga mkali, uishike kadi kwa kingo na uigeuzegeuze taratibu mpaka mwanga upite juu ya uso wote. Hapo ndipo mikwaruzo na mistari ya mashine inapojitokeza. Kisha angalia pembe nne kwa kioo cha kukuzia, mbele na nyuma. Kwenye kadi yenye rangi nzito, kitone kimoja cheupe kwenye pembe kinatosha kuiondolea 10. Mwisho chukua rula upime upana wa ukingo mtupu unaoizunguka picha, kushoto na kulia: ukiwa milimita 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, uwiano wake ni 60 kwa 40, na kadi ya namna hiyo usiitarajie 10. Usijaribu kuisugua wala kunyoosha mkunjo, kwa sababu wapimaji wakigundua kwamba kadi imechezewa huirudisha bila daraja, na ada mara nyingi hairudi.

Zipo kadi ambazo mimi ningezipima hata kama hazina matumaini ya 9. Hizo ni kadi za zamani zenye thamani na zinazoghushiwa sana, kama vile ya Pelé ya mwaka 1958 iliyochapishwa Sweden au ya Messi ya Panini ya msimu wa 2004-05, ambako mnunuzi hulipia uhakika kabla ya kulipia usafi. Hata hivyo, makasha nayo hughushiwa, kwa hivyo anayenunua kadi iliyopimwa aitafute namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na ailinganishe kadi na picha, ikiwa ipo huko.

Kuhusu kutuma, anayeishi nje ya Marekani ana gharama za ziada ambazo miongozo mingi ya Wamarekani haizitaji. Karatasi ya forodha ieleze wazi kwamba kadi inakwenda kupimwa na itarudi kwa mwenyewe, na risiti ya posta ihifadhiwe, vinginevyo unaweza kutozwa kodi ya kuingiza mali ambayo ni yako tangu mwanzo. Kumtumia wakala anayekusanya kadi za watu wengi hupunguza gharama, lakini mtake orodha iliyosainiwa na picha za kila kadi kabla hujamkabidhi. Tena kuwa na subira: Machi 2021 PSA ilisitisha huduma zake nyingi kwa sababu ya mrundikano wa kadi, na pesa utakayoihitaji kabla ya Ramadhani usiifungie huko.

Wengine wanataka kuzihifadhi kadi nyumbani Zanzibar. Ninawaelewa, lakini siliungi mkono wazo hilo kwa kadi za thamani. Wanunuzi wako huko ugenini, na unyevu wa visiwani, hasa msimu wa masika, huzipinda kadi na kuziotesha ukungu. Kasha la plastiki si la kuzuia hewa yenye maji. Ikiwa lazima zije, ziwekwe kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyobadilishwa mara kwa mara, mbali na ukuta wa chokaa na mbali na dirisha linaloelekea pwani.

Kwa anayezinunua kadi kwa nia ya kuziuza, hiyo ni mali ya biashara, na ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka huingia kwenye hesabu ya zaka kwa bei ya soko ya siku hiyo. Masuala ya ndani amuulize shekhe anayemwamini. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa ajili ya warithi ambao huenda wakadhani ni picha za watoto, andika orodha yenye jina la kila kadi, namba ya cheti, bei uliyonunulia na pahala ilipo, na nakala yake awe nayo mtu mmoja wa familia kule nyumbani.