ThinkPad T470, T480 au T490: namna ya kuchagua kati ya kompyuta ya zamani na iliyoifuata

Juu ya meza ya muuzaji wa kompyuta mpakato zilizotumika, ThinkPad T470 ya Lenovo ya mwaka 2017 na T480 ya mwaka 2018 hufanana kiasi kwamba hata betri ya nje ya moja huingia kwenye nyingine. Mnunuzi akisikia kwamba zimepishana mwaka mmoja tu, huchukua ya bei ya chini na kuona amepata nafuu. Hata hivyo, mwaka huo mmoja una uzito, kwa kuwa Windows 11 hukubali rasmi prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7, ilhali T470 iliundwa kwa prosesa za kizazi cha 6 na cha 7. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopokea tena marekebisho ya usalama haifai kufanyia miamala ya benki.

Kwa hiyo, anza na prosesa kabla hujauliza bei. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha usome jina la prosesa: kwa kompyuta hizi, i5-8350U ni ya kizazi cha 8 na i5-7300U ni ya kizazi cha 7. Usitegemee jina la T480 peke yake, kwani baadhi yake zilitoka kiwandani zikiwa na hiyo i5-7300U. Tofauti haiishii kwenye Windows, maana i5-7300U ina viini viwili na i5-8350U ina vinne, jambo linaloonekana mara unapofungua kurasa nyingi za intaneti huku simu ya video ikiendelea.

Baada ya hapo, wengi hudhani kwamba T490 ya mwaka 2019 ni bora zaidi kwa kuwa ni mpya zaidi. Ni nyembamba na nyepesi kidogo, lakini sehemu ya RAM yake (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye ubao mama na imebakiwa na nafasi moja tu ya kuongezea, wakati T480 ina nafasi mbili na fundi anaweza kubadilisha RAM yote kwa muda mfupi. Betri ya T490 imefungiwa ndani. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, hivyo unaweza kuchomoa ya nyuma na kupachika iliyojaa bila kuzima kompyuta. Kwa anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mimi naona T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 ndiyo ya kuchukua, na T490 nitamwachia anayebeba kompyuta begani kutwa.

T480 nayo ina udhaifu wake: huchajiwa kwa USB-C peke yake, tofauti na T470 yenye pia tundu lake maalumu la chaja. Ijaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C. Angalia pia skrini, kwa sababu zile za pikseli 1366 kwa 768 hupauka ukizitazama kwa upande. Tafuta ya 1920 kwa 1080.

Betri ipimwe kwa amri ya powercfg /batteryreport, inayochapwa kwenye dirisha la Command Prompt, ambayo huandika ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo iliobaki nao. Betri ya 24,000 mWh (kipimo cha nishati inayoweza kuhifadhiwa) iliyobaki na 12,000 imepoteza nusu, na hiyo ni sababu ya haki ya kuomba punguzo.

Mwisho, izime kisha uiwashe ukibonyeza F1 ili kufungua mipangilio ya msingi ya kompyuta (BIOS). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, iache, hata kama bei ni ya kutupa, kwani suluhisho la Lenovo kwa nenosiri hilo la usimamizi likisahauliwa ni kubadilisha ubao mama. T470 isiyo na kasoro hizo bado yafaa kwa anayetumia Linux, mfumo mbadala wa Windows, na kazi zake ni kuandika na kusoma, mradi iwe imepungua bei waziwazi kuliko T480.